Kuchanika na Kubanduka: Udhaifu wa Mshikamano wa Mpira na Chuma

Misisi, mji wa wachimbaji dhahabu katika eneo la Fizi, Kivu Kusini, huhudumiwa na magari yapitayo njia mbovu. Injini za magari hayo hukalia vipande vya mpira vilivyogandishwa kwenye chuma. Viwili hivyo vikiachana, lawama huiangukia gundi. Lakini shahidi ni uso ulioachana.

Kiswahili hutenganisha hali mbili. Mpira ukichanika, mabaki yake yakasalia juu ya chuma, mshikamano ulikuwa imara. Kilichozidiwa ni mpira wenyewe. Ukibanduka, hutazamwa kilichobaki. Chuma kikiwa kitupu, aghalabu kasoro ni ya matayarisho: mafuta, kutu au vumbi havikuondolewa kabla ya kupaka gundi. Gundi ikibaki kwenye chuma na mpira kutoka safi, kasoro huelekea kuwa ya kalibu: pengine mpira ulianza kuiva, yaani kukazwa na salfa kwa joto, kabla ya kuigusa gundi, au shinikizo halikutosha.

Uchunguzi huu hauhitaji maabara, bali jicho makini. Kubadili gundi kabla ya kuusoma uso huo ni kutibu ugonjwa usiopimwa.