Kabla fundi wa sola hajafungua boksi, muulize betri italala wapi

Ni chumba cha watoto wawili, Ilala, mwendo mfupi tu kutoka Soko la Kariakoo. Kuna kitanda cha dabodeka, mabegi ya shule, na chini ya kitanda betri ya sola. Pembeni ya betri nilikuta chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, imejaa nusu, haina karatasi ya jina. Nilipomuuliza dada yangu ni ya nini, alijibu bila wasiwasi: "Maji ya betri hayo, fundi aliyaacha." Mtoto wake mdogo ana miaka minne.

Hakuna aliyeumia, na chupa ilitoka siku hiyo hiyo. Lakini nilirudi nyumbani nikijiuliza kwa nini tunapokwenda kununua sola swali letu huwa moja tu, nalo ni bei.

Familia nyingi za mjini zilianza kuitazama sola kwa jicho jipya wakati wa mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ulianza kuingiza umeme kwenye gridi, na hali ikaanza kuwa nafuu. Hata hivyo watu bado wanabeba paneli na betri kutoka Kariakoo kwa ajili ya taa, feni na televisheni umeme unapokatika, au kuwapelekea wazazi kijijini. Ni matumizi mazuri, kwani taa ya sola haitoi moshi kama kibatari. Hatari kubwa kwa mtoto haipo juu ya bati ilipo paneli. Ipo ndani ya nyumba, kwenye betri na waya. Haya ndiyo maswali ya kumuuliza fundi kabla hujalipa.

Betri italala wapi?

Betri za risasi, zile nzito zinazofanana na za gari, hutoa gesi ya haidrojeni zinapochajiwa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na ikijikusanya mahali pasipo na hewa inaweza kulipuka kwa cheche ndogo tu. Kwa hiyo chini ya kitanda si mahali pake, wala kabatini, wala karibu na jiko la gesi au la mkaa. Betri ziitwazo "kavu" hutoa gesi kidogo sana, lakini zikichajiwa kupita kiasi nazo hutoa.

Ukisikia harufu ya yai viza karibu na betri, ujue inachajiwa kupita kiasi au imeharibika. Toa watoto nje, fungua madirisha, usiwashe moto, na mwite fundi.

Mahali pazuri ni barazani au kwenye korido yenye hewa, ndani ya boksi lenye matundu na kufuli, pasipofikiwa na mvua wala jua. Kama familia nzima inaishi chumba kimoja, kama ilivyo kwa wapangaji wengi wa katikati ya jiji, uliza betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma. Haina asidi, haitoi haidrojeni katika matumizi ya kawaida, na ni nyepesi. Bei yake iko juu, lakini unaweza kutumia takriban asilimia 80 ya umeme wake bila kuiumiza, wakati betri ya risasi inashauriwa isishuke chini ya nusu. Hakikisha chaji kontrola yako inaendana nayo.

Je, betri itahitaji kuongezwa maji?

Jina lenyewe ni mtego. Wengi wetu tunaita "maji ya betri" vitu viwili: maji yaliyosafishwa ya kuongezea, na asidi ya salfa inayounguza ngozi na kupofusha macho. Mtoto yeye husikia neno moja tu, maji.

Mwambie fundi asiache asidi nyumbani, na kamwe isiwekwe kwenye chupa ya maji au ya soda. Ikimwagikia mtoto, mvue nguo na umwoshe kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Ikiingia jichoni, lioshe vivyo hivyo huku ukilishikilia wazi, kisha mwahishe hospitali. Usipake dawa ya meno, mafuta wala asali. Akiimeza, usimtapishe, kwa sababu ikipanda itaunguza koo mara ya pili. Msuuze mdomo na mkimbize hospitali ukiwa na chupa yenyewe.

Waya ni wa unene gani?

Hapa ndipo wengi huokoa pesa kidogo na kununua moto. Vifaa vya jumla ya wati 100 kwenye umeme wa TANESCO wa volti 230 huvuta chini ya nusu ampea. Vifaa vyenye wati hizo hizo kwenye betri ya volti 12 huvuta zaidi ya ampea 8. Waya mwembamba uliozoeleka kwenye taa za kawaida ukibebeshwa mzigo huo hupata joto, na umeme mwingine hupotelea njiani.

Chukua mfano wa betri iliyo mita 10 kutoka kwenye paneli, na umeme wa ampea 8. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 utapoteza zaidi ya volti moja njiani. Wa milimita 6 utapoteza nusu volti hivi. Kwa inveta tofauti ni kubwa zaidi: inveta ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 ikibeba mzigo wote huvuta karibu ampea 90. Inahitaji waya mfupi na mnene, wa milimita 25 hadi 35.

Ukiwa dukani, omba kukwangua ncha ya waya kwa kisu. Ikiwa nyekundu inaisha na nyeupe inatokea chini yake, huo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Hubeba umeme kidogo kuliko shaba halisi ya unene ule ule, kwa hiyo hupata joto mapema.

Fyuzi iko wapi?

Volti 12 hazimrushi mtu mwenye ngozi kavu, ndiyo maana tunazidharau. Lakini mtoto akilaza kijiko juu ya vichwa viwili vya betri, mamia ya ampea hupita hapo kwa mara moja. Kijiko kinakuwa chekundu na cheche zinaruka. Vichwa vya betri vifunikwe kwa plastiki au mpira.

Fyuzi au sakiti breka ya umeme wa betri iwekwe kwenye waya wa chanya, sentimita chache tu kutoka kwenye betri. Ikiwekwa mbali, kipande cha waya kilicho kati yake na betri hakina ulinzi. Fundi akikuambia mfumo mdogo hauhitaji fyuzi, tafuta fundi mwingine.

Inveta itaunganishwaje na umeme wa nyumba?

Umeme unaotoka kwenye inveta ni volti 230, na unaua sawasawa na wa TANESCO. Usikubali fundi aichomeke kwenye soketi ya ukutani ili "nyumba nzima iwake". Umeme huo unaweza kurudi kwenye nyaya za mtaani na kumuua fundi wa TANESCO anayeamini laini imezimwa. Lazima kuwe na swichi ya chenjiova inayotenganisha vyanzo hivyo viwili. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na una haki ya kuomba kuiona.

Ukitaka kuzima mfumo, anza kwa kutenganisha paneli, betri iwe ya mwisho. Wakati wa kuunganisha, betri huanza. Kumbuka paneli haina swichi ndani yake: jua likiwaka, inatoa umeme.

Paneli ni ya wati ngapi kweli?

Nenda dukani na futi. Paneli nzuri ya siku hizi yenye eneo la mita moja ya mraba hutoa takriban wati 200 jua likiwa kali. Hivyo paneli ya nusu mita ya mraba iliyobandikwa "wati 200" haiwezi kuwa hivyo, hata muuzaji aape vipi. Hili nalo linahusu usalama, kwa sababu paneli ndogo haijazi betri. Betri ya risasi isiyojaa hufa mapema, na betri iliyokufa ni tatizo jingine.

Betri ikifa inakwenda wapi?

WHO inasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Risasi huathiri ubongo unaokua, na mtoto mdogo akiimeza, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Senegal, katika eneo la Thiaroye-sur-Mer jijini Dakar, watoto 18 walifariki kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 kwa sumu ya risasi kutoka betri zilizovunjwa mtaani. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathirika na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya.

Kwa hiyo betri isivunjwe uani, wala watoto wasichezee gamba lake. Kabla ya kununua, muulize muuzaji kama anapokea betri ya zamani unapochukua mpya.

Dada yangu alimwita fundi mwingine. Betri ikahamia koridoni, kwenye boksi la mbao lenye kufuli na matundu juu, na fyuzi ikawekwa pembeni yake. Umbali ulipoongezeka, waya mwembamba wa kwanza ukawa haufai, ikabidi wanunue mwingine mnene. Walilipa ufundi mara mbili kwa kazi ambayo swali moja lingeimaliza mapema. Chini ya kitanda sasa kuna viatu vya shule.

Moto ukitokea, toka nje na familia yako kwanza, kisha piga 114, namba ya bure ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.