BUNDUKI YA BEI NAFUU: FIKIRI KWANZA, MKULIMA



Mahindi yako yamekwisha kutoa ndevu, mbaazi zinachanua, na mwaka huu mvua haikukutupa. Asubuhi moja unakwenda shambani na kukuta mistari mitatu imelazwa chini, magunzi yametawanyika, na juu ya jiwe nyani dume ameketi akikutazama kana kwamba mwenye shamba ni yeye. Hapo ndipo mtu husema moyoni, "Lazima nitafute bunduki."

Wala hutaki bunduki ya fahari. Wataka bunduki ya risasi ya kawaida, isiyo na darubini, yenye vile vyuma viwili tu vya kulengea, kimoja karibu na jicho na kimoja kwenye ncha ya mtutu, na bei yake iwe ile ambayo mkulima wa ekari chache anaweza kuilipa.

Wazo hilo si la kipumbavu, kwa maana mwenye njaa hulinda chakula chake. Lakini kabla hujatoa hata shilingi moja, yafaa tulichungue pamoja.

Habari za Zamani

Sisi watu wa Machakos hatukuanza jana kujua uwindaji. Wazee wa Kikamba walikuwa hodari wa upinde na mishale ya sumu, na katika karne ya 19 misafara yao ilipeleka pembe za ndovu mpaka pwani ya Mombasa. Baadaye vijana wengi wa hapa walijiunga na jeshi la K.A.R., nao walijifunza kulenga kwa vyuma viwili vya bunduki ya 303.

Makueni nayo, ambayo zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos, ilifunguliwa kwa bunduki. Kati ya mwaka 1944 na 1946, Serikali ya wakati ule ilimtuma mwindaji J. A. Hunter kuondoa vifaru ili watu wapate mashamba. Aliua vifaru karibu 1,000. Vifaru wale wakaisha, lakini nyani wapo mpaka leo, na mkulima angali anakesha.

Sheria Inasema Nini

Mwezi wa Mei mwaka 1977 uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya nzima. Baadaye mashamba makubwa machache, pamoja na yale ya upande wa Athi River, yalipewa ruhusa ya pekee ya kuvuna wanyama kwa hesabu, lakini ruhusa hiyo nayo ilifungwa mwaka 2003. Kisha ikaja Sheria ya Kuhifadhi na Kusimamia Wanyamapori ya mwaka 2013. Kwa sheria hiyo, anayewinda kwa kujifurahisha ana kosa, na anayewinda kwa ajili ya chungu cha nyumbani pia ana kosa. Kwa hiyo mtu anayekwambia kwamba atakuuzia "bunduki ya kuwindia" anakuuzia kitu ambacho kazi yake imekatazwa.

Usidanganywe na habari za nchi jirani. Tanzania wapo watu wanaowinda kwa leseni, lakini leseni ya huko haivuki mpaka.

Tena iko Sheria ya Silaha, iliyoanza kutumika mwaka 1954. Hiyo yasema kwamba mtu haruhusiwi kununua bunduki wala kuwa nayo bila cheti. Leo maombi ya cheti hupimwa na Bodi ya Leseni za Silaha. Mwombaji huchunguzwa tabia yake, huulizwa sababu yake, na lazima aonyeshe kwamba anaweza kuitunza silaha mahali salama. Akipewa cheti, hawezi kukiweka sandukuni akakisahau, kwani kina muda wake nacho hufanywa upya. Wakulima wachache sana wenye shamba dogo wataona kwamba mahindi yao yanaweza kubeba gharama hiyo.

Jihadhari na Bei Rahisi

Iko bunduki nyingine, ile inayotembezwa usiku na mtu usiyemjua vizuri, akisema mwenyewe ana shida na anataka fedha kidogo tu. Hiyo ndiyo ghali kuliko zote. Hujui ilitoka wapi, wala hujui ilifanya nini kabla ya kufika kwako. Ikiwa iliibwa, au ilitumiwa katika unyang'anyi, wewe ndiwe utakayekutwa nayo. Kuwa na bunduki bila cheti ni kifungo cha miaka mingi. Katika miaka hiyo ni nani atakayelima? Ni nani atakayelipa karo ya watoto? Hasara ya magunia manne ya mahindi huisha msimu ukija mwingine, lakini hasara ya baba aliye gerezani haiishi upesi.

Risasi Haijui Mpaka wa Shamba

Hata kwa mwenye cheti, fikiri juu ya ardhi yetu. Shamba la ekari 10 lenye pande nne sawa lina urefu wa mita 200 hivi kila upande. Risasi ndogo, kama ile ya 22, yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu kabla ya kuanguka. Maana yake, ukimkosa nyani, risasi yako yaweza kupita mashamba saba ya jirani zako. Katika shamba la saba yuko mama anayepalilia, au mtoto anayechota maji. Vyuma vya kulengea vitakusaidia kumwona nyani, lakini havikuonyeshi ni nani aliye nyuma yake katika mbaazi.

Basi Tufanye Nini?

Kwanza, mjue adui yako. Nyani hulala kwenye majabali au miti mirefu, naye hushuka jua likichomoza. Usiku hatembei. Nguruwe mwitu na nungunungu huja usiku. Kwa hiyo mlinzi wa nyani lazima awe shambani alfajiri, si saa tatu baada ya chai.

Pili, lindeni kwa zamu. Nyumba moja ikilinda peke yake, mara nyingi mtoto huondolewa shuleni ili akae shambani, na huo ni wizi mwingine anaofanya nyani. Lakini majirani sita wenye mashamba yanayopakana wakikubaliana, kila nyumba italinda siku moja katika sita, na mtu mzima ndiye atakayekwenda. Filimbi, debe, mbwa na kombeo vyatosha, mradi walinzi wapo kweli. Sanamu ya matambara humtisha nyani siku chache tu, kisha huizoea.

Tatu, fyeka ukanda wa hatua kumi kati ya kichaka na shamba. Nyani hapendi kupita mahali peupe. Panda mahindi karibu na nyumba, na pembeni panda kitu asichokipenda, kama pilipili.

Nne, usiyaache mahindi shambani baada ya kukomaa. Lakini hapa angalia sana. Mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa katika Makueni, Kitui na Machakos kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka. Ukivuna mapema, anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Kupima ni rahisi: tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, funika, tikisa vizuri, kisha acha kidogo. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi yangali na maji.

Tano, kwa mbuzi na ng'ombe, zizi imara lenye wavu wa waya hufaa kuliko risasi. Kijana Richard Turere wa Kitengela alitengeneza taa zinazowaka na kuzima usiku, naye akafanikiwa kuwazuia simba wasiingie zizini kwao. Na huko Sagalla, Taita, mizinga ya nyuki iliyofungwa kwenye waya imewarudisha nyuma tembo wengi. Mizinga hiyo, hata hivyo, ni ya tembo, basi kwa ajili ya nyani usitumie fedha zako hapo.

Mwisho, usitege sumu. Sumu humwua mbwa wako, na tai, na chui, naye chui ndiye adui mkubwa wa nyani. Ukimwua, umewafanyia nyani kazi.

Ukipata Hasara

Toa habari upesi kwa chifu na kwa ofisi ya K.W.S. iliyo karibu, ukamwite na afisa wa kilimo aone shamba kabla hujalisafisha. Madai hupelekwa kwenye kamati ya kaunti ya wanyamapori na fidia. Sheria ya 2013 iliweka Sh. 5,000,000 kwa mtu aliyeuawa na mnyama aliye katika orodha yake, na kwa mazao na mifugo, bei ya soko. Orodha hiyo ilipotungwa ilikuwa na tembo, nyati, kiboko, simba, chui na fisi. Nyani hakuwamo, na hilo ni jambo zito kwetu. Lisemeni katika baraza na mbele ya wawakilishi wenu, kwa maana orodha ya sheria hubadilishwa na Bunge, si na bunduki.

Tena kumbuka jambo hili: sheria yasema kwamba mkulima asiyefanya juhudi ya kulinda mali yake halipwi. Basi zamu yenu, ukanda mliofyeka na zizi mlilolijenga hulinda shamba leo, na kesho vitakuwa ushahidi wenu mbele ya kamati. Andikeni zamu hiyo katika daftari, siku na jina la mlinzi, nanyi mlitunze.

Kabla ya mvua zijazo, waite jirani zako watano mkae chini ya mti mmoja. Fedha ulizoziweka kwa ajili ya bunduki, nunua waya, turubai na filimbi sita.