Kuku Anapokoroma: Tuitambue Maradhi Kabla ya Kutoa Dawa

Kuku wengi wa kienyeji hufugwa uani, hatua chache kutoka jikoni, na usiku baadhi yao hulala ndani ya nyumba za wenyewe. Kwa sababu hiyo, mfugaji anapowapa kuku wenye mafua vidonge vya tetrasaiklini alivyobakiza mgonjwa wa nyumbani, jambo hilo haliwahusu wataalamu wa mifugo peke yao. Linamgusa pia yeyote atakayezihitaji dawa hizo kesho.

Kukoroma, kupiga chafya, kutoa kamasi na kuhema kwa mdomo wazi ni dalili, wala si jina la ugonjwa. Maradhi yanayozileta ni mengi, na tiba zake hazifanani.

La kuogopwa zaidi ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Husababishwa na virusi. Pamoja na kuhema kwa shida, kuku huharisha kinyesi cha kijani, hupooza mabawa au miguu, na shingo hujipinda. Kundi lisilochanjwa laweza kuteketea karibu lote kwa siku chache. Mdondo hauna dawa. Kiuavijasumu chochote atakachopewa kuku hakitaua virusi hivyo.

Mafua ya kuku yaletwayo na bakteria huwa na sura nyingine. Uso huvimba, macho hufumba, na kamasi hutoa harufu mbaya. Utagaji hushuka, lakini vifo huwa vichache. Upo pia ugonjwa sugu wa njia ya hewa unaosababishwa na maikoplazma. Huu huenda polepole kwa majuma kadhaa, na mtetea aweza kuwaambukiza vifaranga kupitia yai. Maradhi haya mawili hupata nafuu kwa viuavijasumu, ila kuku aliyepona mara nyingi hubaki na vimelea na kuwaambukiza wenzake.

Mfugaji aanze kwa kumtenga mgonjwa, kisha awahudumie wazima kwanza na wagonjwa mwisho. Alisafishe banda, abadilishe maranda yaliyolowa, na afungue nafasi za kupitisha hewa, kwani amonia itokayo kwenye kinyesi huunguza njia ya hewa na kuzidisha ugonjwa. Kisha amwite mtaalamu wa mifugo. Vifo vingi vya ghafla vitolewe taarifa siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda ni mdondo au homa ya mafua ya ndege.

Ikiwa mtaalamu ataagiza kiuavijasumu, kipimo na idadi ya siku vifuatwe hadi mwisho. Kuku aliyezidiwa hunywa maji kidogo, hivyo dawa iliyochanganywa majini huenda isimtoshe. Mayai na nyama visiliwe mpaka siku zilizotajwa kwenye lebo ziishe. Tukumbuke kwamba tailosini, itumikayo sana kwa kuku, ni ya jamii moja na erithromaisini inayotibu binadamu. Bakteria wanaozoea moja huweza kuihimili nyingine, na usugu huo huhamia kwa watu kupitia mikono, kinyesi na nyama.

Virusi vya mdondo vyaweza kumletea binadamu wekundu wa macho, ambao kwa kawaida huisha wenyewe. Homa ya mafua ya ndege ni hatari zaidi: huko Hong Kong mwaka 1997, watu 18 waliugua aina ya H5N1 na 6 wakafariki. Kwa hiyo, kuku anayekaribia kufa asichinjwe ili kuokoa kitoweo. Mizoga ifukiwe kwenye shimo refu au ichomwe, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Mhudumu wa afya anayempokea mgonjwa mwenye homa na kikohozi, au macho mekundu, amwulize swali moja la ziada: je, nyumbani kuna kuku wanaougua au waliokufa karibuni? Jibu laweza kubadili uchunguzi wote.

Kinga ya mdondo ipo, nayo ni nafuu. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingi za ugonjwa huu, hudondoshwa tone moja katika jicho moja la kuku mzima na hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Majirani wakichanja siku moja, hata kuku wanaozurura kutoka ua hadi ua watakuwa salama zaidi.