Muda na Ubadhirifu: Kwa Nini Miradi ya Programu Huchelewa

Makala haya yanadhamiria kueleza kwa nini miradi ya kuunda programu za kompyuta huchelewa, hata pale inapoendeshwa kwa mbinu iliyobuniwa mahususi kuondoa ubadhirifu. Kwa Kiingereza mbinu hiyo hupewa sifa ya nyama isiyo na shahamu. Nasi tutaiita mbinu ya mnofu, hadi mwanaistilahi atakapotupa neno bora zaidi.

Asili yake ni viwanda vya magari vya Toyota nchini Japani, ambako mhandisi Taiichi Ohno alibainisha aina saba za ubadhirifu. Neno la Kijapani la ubadhirifu huo ni muda. Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kutabasamu hapa, ingawa muda wetu una asili ya Kiarabu na hauna nasaba yoyote na ule wa Kijapani. Hata hivyo sadfa hii inafaa, kwani mojawapo ya aina hizo saba ni kungoja. Mwaka 2003, Mary na Tom Poppendieck walizihamisha aina hizo kutoka karakana hadi kwenye uundaji wa programu, na uchelewaji ukawamo.

Wengi hudhani kwamba uchelewaji hutokana na uzembe wa mikono. La hasha. Ukilifuatilia ombi moja la mteja tangu lipokelewe hadi likabidhiwe, aghalabu utakuta limeshughulikiwa kwa saa chache na kukaa foleni kwa majuma. Linangoja idhini ya meneja. Linangoja mtu wa kuijaribu programu. Linangoja mteja afafanue sentensi tata aliyoiandika mwenyewe. Kila linapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, sehemu ya ujuzi hubaki nyuma, na mpokeaji hulazimika kuuliza upya kisha kungoja tena.

Chanzo kikuu, kwa maoni yangu, ni tamaa ya kuanza kazi nyingi kwa pamoja. Kanuni iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961 inatufaa: wastani wa muda ambao kazi hukaa mfumoni ni idadi ya kazi zilizomo kugawanywa kwa kasi ya kuzikamilisha. Chukulia kikundi kinachokamilisha kazi 5 kwa wiki. Kikiwa na kazi 30 mkononi, kila moja itachukua wastani wa wiki 6. Zikiwa 10, wiki 2. Kikundi ni kile kile na bidii ni ile ile. Ndiyo maana wafuasi wa mbinu hii huweka kikomo cha kazi zinazoendelea. Wakuu hawalipendi jambo hili, kwa kuwa mfanyakazi anayengoja huonekana mvivu, ilhali kazi inayongoja haionekani kabisa.

Badala yake hukimbilia kuongeza watu. Frederick Brooks, aliyesimamia uundaji wa mfumo wa OS/360 katika kampuni ya IBM, alieleza katika kitabu chake cha 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi uliokwisha kuchelewa huuchelewesha zaidi. Watu 5 wana jozi 10 za kuwasiliana. Watu 10 wana jozi 45, na wageni hao hufunzwa na wale wale waliopaswa kuwa kazini.

Kwetu sisi wa Kiswahili suala hili si la wahandisi pekee. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu za ofisi. Kazi ya aina hiyo hupita kwa mwanaistilahi, mtafsiri, mhariri na mhandisi. Tafsiri ikiachwa hadi programu ikamilike, maelfu ya vifungu humfikia mtafsiri kwa mkupuo mmoja. Neno moja linalobishaniwa husimamisha vifungu vyote vinavyolitumia. Kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza hakitoshi kirai cha Kiswahili, na kazi hurudi kwa mhandisi aliyekwisha kuhamia mradi mwingine. Yafaa vifungu vichache vitafsiriwe kila wiki sambamba na uundaji, na mtu mmoja apewe mamlaka ya kuamua istilahi zitakazotumika hadi kamati itakapokutana.