Hati ya African Lodge ya Boston

Kuzika maiti wao kwa heshima na kupita njiani kwa maandamano siku ya Mtakatifu Yohana: hayo mawili tu ndiyo waliyoruhusiwa hapo awali watu weusi wa mji wa Boston, huko Marekani, walioingia katika udugu wa Frimasoni, wala mtu asidhani kuwa ni machache, maana katika mji ambao watu wa asili yao walinunuliwa na kuuzwa kama bidhaa, jeneza lililosindikizwa na safu ya wanaume wa chama lilishuhudia mbele ya wote kwamba marehemu alikuwa na ndugu.

Kwa mapokeo ya chama chenyewe, tarehe 6 Machi 1775 wanaume 15, wote waungwana wasio na bwana, waliingizwa katika udugu huo na loji (tawi la udugu) ya askari wa jeshi la Kiingereza. Kiongozi wao alikuwa Prince Hall, fundi wa ngozi, ambaye wakati wa vita vya uhuru aliwauzia wanajeshi wa Boston ngozi za kuwambia ngoma. Loji za wazungu wa Massachusetts zilipokataa kuwatambua, Hall akaandika London mwezi Machi 1784 kuomba hati kamili. Nayo, ijapokuwa ilitiwa tarehe 29 Septemba mwaka ule ule, haikuwafikia ila Aprili 1787, mkononi mwa nahodha James Scott, ikiwa na jina la African Lodge na nambari 459.

Wako kwetu ambao wakisikia Frimasoni hawawazi ila utajiri wa ghafla na makafara ya usiku. Lakini kazi ya ndugu hawa wa Boston iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ilikuwa ni kuandika ardhilhali. Tangu Januari 1777 Hall na wenzake waliwataka watunga sheria wa Massachusetts kuwaacha huru watumwa, kwa hoja zile zile ambazo wazungu walizitumia kuidai haki yao kwa Uingereza. Na Oktoba 1787 wakawaombea watoto wao elimu, maadamu kodi walikuwa wakilipa kama wenziwao, lakini wakanyimwa.

Kisha, Februari 1788, watu weusi watatu, mmoja wao akiwa mwanachama wa loji, walihadaiwa kwa ahadi ya kazi wakapanda merikebu bandarini, na merikebu ikatweka kuelekea visiwa vya Karibi ili wakauzwe huko. Hall na wanachama wenzake wakapeleka ardhilhali barazani, wahubiri na Wakristo wa madhehebu ya Wakweka nao wakapaza sauti, na tarehe 26 Machi ikapita sheria ya kuharimisha biashara ya watumwa katika Massachusetts. Naye gavana John Hancock aliwaandikia barua wakuu wa visiwa, hata mateka wale wakarudi Boston Julai ya mwaka huo. Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu, miongoni mwa halaiki ya watu waliobebwa majahazini na merikebuni, hata kutoka pwani hii yetu, waliorejeshwa kwao ni wachache mno. Na hawa watatu walirejea kwa kuwa nyuma yao palikuwa na watu waliowajua, waliojua kuandika, na waliojua mlango wa kubisha.

Mwaka 1797 udugu ulienea hadi Philadelphia na Providence. Hall alifariki Desemba 1807, akazikwa katika makaburi ya Copp's Hill. Mwaka 1813, Loji Kuu mbili za Uingereza, yaani mamlaka za juu za udugu huko, zilipoungana, jina la African Lodge liliondolewa daftarini. Na mwaka 1827 wanachama wake wenyewe wakatangaza kwamba hawako tena chini ya mamlaka ya mtu mwingine, wakaendelea hivyo kizazi baada ya kizazi. Loji Kuu ya wazungu wa Connecticut iliwatambua ndugu zao weusi wa jimbo hilo mwaka 1989, na Loji Kuu ya London ikawatambua wale wa Massachusetts mwaka 1994, miaka 181 tangu kuwafuta.