Kisangani kwa siku moja: kwa mpenzi wa mitambo ya kale na rekodi

Kompyuta ya kidijiti ya zamani kuliko zote ambayo bado inafanya kazi iko Bletchley Park, Uingereza. Inaitwa WITCH, ni ya mwaka 1951, na ina uzito wa tani mbili na nusu. Mpenzi wa mitambo ya aina hiyo aliyeko Kisangani asisikitike. Apande mtumbwi asubuhi kwenda Yakusu, nchi ya Walokele, yapata kilomita 20 chini ya mji.

Huko ushindi nautoa kwa ngoma ya kupitishia ujumbe. Ni gogo moja lililochimbwa ndani kupitia ufa mrefu, lenye midomo miwili: mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Basi. Ni alama mbili tu, kama 0 na 1 za kompyuta. Kasoro yake ni kwamba maneno mengi yana mpangilio uleule wa sauti za juu na za chini. Kwa Kilokele, kuku na mwezi hugongana, kwa hiyo mpigaji humpa kila mmoja sifa zake: kuku ndiye yule mdogo mwenye kelele, mwezi ndio unaoitazama dunia kutoka juu. John Carrington, mmishonari Mwingereza aliyefika Yakusu mwaka 1938, alikadiria kwamba neno moja la mdomoni hudai takriban maneno manane ya ngoma. Kitabu chake kuhusu ngoma hizo kilitoka 1949, mwaka mmoja tu baada ya Claude Shannon wa Marekani kueleza kwa hesabu jinsi marudio yanavyookoa ujumbe usipotee katika kelele. Walokele walikuwa wamekwisha kulitatua jambo hilo bila kalamu.

Mshindani wa umri ni mfupa wa Ishango, unaodhaniwa kuwa wa kuhesabia, uliochimbuliwa mwaka 1950 kando ya Ziwa Edward. Una miaka ipatayo 20,000, na chale zake katika safu mbili hujumlika 60 kila moja. Lakini uko Brussels, kwa hiyo hauingii katika ratiba yetu.

Jioni iwe ya wavuvi Wagenia; kutoka katikati ya mji, toleka (baiskeli ya abiria) au pikipiki inatosha. Nguzo zimesimikwa katika mashimo ya miamba na kufungwa kwa mitambaazi, na matenga makubwa ya kunasia samaki yananing'inia kwenye maji makali. Hapa ndipo mwisho wa maporomoko saba ya Boyoma, yaliyotapakaa katika kilomita zipatazo 100. Kwa wingi wa maji, mita za ujazo 17,000 hivi kwa sekunde, orodha nyingi huyaweka ya kwanza duniani. Nyingine huyapa Inga nafasi hiyo. Yote mawili ni ya Mto Kongo, kwa hiyo ubishi huo ni wa nyumbani. Isiyobishaniwa ni rekodi nyingine: hakuna mto mwingine mkubwa unaovuka ikweta mara mbili, na mara ya kwanza huivuka humuhumu Boyoma.

Yangambi na sampuli zake 150,000 za mimea usiichomeke siku hiyohiyo. Ni karibu kilomita 100, na barabara ya mvua haina ratiba.