Simba wa Johannesburg: Mechi 13, vipigo 13

Wakazi wa Bertrams, mtaa mkongwe ulioko mashariki ya katikati ya jiji la Johannesburg, hawahitaji redio kujua kama leo kuna mechi. Uwanja wa Ellis Park uko jirani kabisa, na hapo ndipo Nelson Mandela alipokabidhi Kombe la Dunia la raga kwa Afrika Kusini mwaka 1995.

Lakini kwa mashabiki wa raga wa jiji hilo, mwaka 2010 ulikuwa wa machungu.

Lions, yaani Simba, ni timu yenye maskani yake Ellis Park, na haina undugu wowote na Simba wa Msimbazi. Mwaka huo iliingia katika mashindano ya Super 14, yaliyokutanisha timu za Afrika Kusini, Australia na New Zealand, ikiwa na kocha mpya, Dick Muir.

Muir hakuwa mgeni katika kazi hiyo. Mwaka 2007 aliifikisha Sharks ya Durban kwenye fainali, ikashindwa na Bulls ya Pretoria kwa pointi moja tu, 20-19.

Sifa hizo hazikusaidia. Lions ilicheza mechi 13 na kufungwa zote 13.

Mechi moja inaeleza yote. Mwezi Februari, mbele ya mashabiki wake, Lions ilipata pointi 65 dhidi ya Chiefs ya New Zealand, lakini wageni wakapata 72. Washambuliaji walifanya kazi yao. Ukuta wa nyuma ndio uliovuja.

Kilichozidisha uchungu ni kwamba Bulls walitwaa ubingwa mwezi Mei katika jiji hilohilo la Johannesburg, kwenye uwanja wa Orlando huko Soweto, kwa kuwa uwanja wao ulikuwa ukiandaliwa kwa Kombe la Dunia la soka.

Kocha mwingine

Dawa ikawa ileile inayojulikana kwa mashabiki wa Dar es Salaam na Nairobi: kocha mwingine. Alikuja John Mitchell kutoka New Zealand, na mwaka 2011 Lions ikashinda Kombe la Currie la nyumbani kwa kuilaza Sharks 42-16.

Furaha haikudumu. Mwaka 2012 timu ilishika mkia tena, na mwaka 2013 nafasi yake katika mashindano makubwa ikapewa Southern Kings. Mitchell naye alikuwa ameshaondoka.

Aliyebaki na kazi ya kujenga ni Johan Ackermann, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa. Katika mechi mbili za kuwania kurejea, Lions ilishinda ugenini 26-19, ikafungwa Ellis Park 23-18, na kupita kwa jumla ya pointi 44 kwa 42. Hiyo ndiyo siku mashabiki walipofungwa nyumbani na bado wakashangilia.

Safari hii kocha aliachiwa muda. Lions ilifika fainali mwaka 2016 na 2017, kisha ikafika tena mwaka 2018 baada ya Ackermann kuondoka. Zote tatu ilishindwa, na ile ya 2017 ilichezwa hapohapo Ellis Park.

Kombe halikupatikana. Hata hivyo, timu iliyofungwa mechi zote 13 ilikuwa sasa miongoni mwa mbili bora. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.